Grili Isiyochoma Mkate

Jumanne, katika duka la vifaa vya umeme mjini Meru, mama mmoja alitua kwenye kaunta maikrowevu aliyoinunua wiki iliyopita.

"Chai inapasha vizuri, lakini grili haichomi."

Muuzaji hakuinua hata kichwa. "Mama, ni wewe hujui kuitumia."

Mama akachomeka waya mwenyewe, akaweka slaisi ya mkate ndani. "Haya, nionyeshe wewe unayejua."

Muuzaji alibonyeza kila kitufe. Dakika kumi baadaye mkate ulikuwa mweupe vilevile, nasi wateja tumejazana kuutazama.

Mama akaletewa nyingine mpya, akakataa kuibeba. "Hii nayo tuijaribu kwanza hapa hapa."

Ilichoma vizuri, akaondoka nayo. Mimi nilikuwa nimeshalipia pasi yangu. Nikalifungua boksi lake palepale, nikaomba soketi.