Nyumba ya Mgiriki na Chumvi ya Mama

Mwaka wa uhuru, Mgiriki mmoja mwenye duka karibu na soko kubwa aliamua kurudi kwao, akatangaza kwamba anauza nyumba yake. Ilikuwa ya matofali, duka chini, vyumba juu, baraza ikitazama mto. Zamani hakuna mtu wa mtaa wetu aliyethubutu hata kuuliza bei yake. Sasa bei ilishuka kila wiki, na kila Ijumaa papa, baba yetu, alitoka msikitini akiwa na bei mpya mdomoni.

Papa alikuwa fundi cherehani, mwenye mikono laini na moyo wa kutamani. Mama aliuza chumvi na samaki wakavu sokoni. Alizaliwa Yanonge, kijiji cha mtoni, kwenye familia ya wavuvi, na soko alilijua kama wajomba zake walivyoujua mto.

"Mama ya watoto, imeshuka tena," papa alisema.

"Bei ikishuka, mimi siulizi imeshuka kiasi gani," mama akajibu. "Ninauliza muuzaji ameona nini."

"Ameona woga tu. Nyumba haina miguu, haikimbii."

"Ndiyo shida yake. Siku sisi tutakimbia, yenyewe itabaki."

Walibishana hivyo majuma mengi, bila hasira, papa akishona na mama akimtilia uzi kwenye sindano kwa sababu macho ya papa yalikuwa yameanza kuchoka. Mwishowe waligawa akiba yao. Nusu ilinunua kiwanja kidogo mtaani kwetu, chenye vyumba viwili vya udongo. Nusu nyingine ikawa cherehani ya pili, vitenge, na mapipa matatu ya chumvi. Papa alikubali, lakini siku ile hakula vizuri.

Nyumba ya Mgiriki aliinunua tonton, mdogo wake papa. Aliuza lori lake na kila alichokuwa nacho isipokuwa suti moja, ambayo papa ndiye aliyeishona. Alikuja kutuonyesha funguo, akicheka kama mtoto. Mama alimpongeza kwa moyo wote, kisha akamuuliza, "Shemeji, umebakiza kitu gani?"

"Nyumba!" akasema.

Kwa miaka michache alikuwa mtu mkubwa. Alipangisha duka, akanywa chai barazani. Kisha waasi wakauteka mji. Wakubwa wao waliipenda baraza ile ile. Walimpa tonton muda wa kuchukua godoro tu. Alifika kwetu mchana, godoro kichwani, suti mwilini, funguo mfukoni. Mama alimpokea lile godoro. Alimsogezea kigoda, akampa sahani ya lituma, yaani ndizi zilizotwangwa, na samaki juu.

Meli kutoka Léopoldville, mji mkuu, zilikoma kufika. Sabuni ikapotea, vitambaa vikapotea, na chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Mama alipima kwa kikombe cha kahawa, akibadilisha kwa mihogo, mafuta ya mawese, kuku. Hakuna aliyetaka faranga, na nyumba hakuna aliyeitaja. Kikombe kilitulisha watu saba.

Lakini sitaki kudanganya kwamba mama aliona yote. Paa letu lilivuja. Mvua moja kubwa iliingia kwenye pipa la tatu, lile alilolitunza kwa siku mbaya zaidi, na asubuhi tulikuta maji ya chumvi tu. Mama alikaa chini karibu nalo, akalia. Papa hakujua la kufanya, akachukua sufuria. Tonton akawasha moto. Siku nzima watu wazima wawili walichemsha maji yale, wakipata ukoko wa chumvi ya kijivu, macho mekundu kwa moshi, mpaka mama akaanza kuwacheka.

Vita vilipotulia, tonton aliirudia nyumba yake. Kuta zilikuwa na matundu, milango imechomwa kuni, mabati hakuna. Papa akauza cherehani ya pili ili wanunue mabati. Mama ndiye aliyependekeza, tena bila kuombwa. Tonton naye akampa papa chumba cha mbele cha chini ashonee humo, na mama akachagua mwenyewe mahali pa meza ya cherehani, dirishani, pa kuona nani anaingia sokoni.

Meli zikarudi, wafanyabiashara wakarudi, bei za nyumba zikapanda hadi watu wakashikwa na wazimu mwingine. Mtu mmoja alimtolea tonton bei ambayo Mgiriki asingeiota. Tonton hakwenda kwa papa. Alikuja jikoni kwa mama, mimi nikiwa ninamenya ndizi.

"Shemeji, niuze?"

Mama alimuuliza maswali mengi: mnunuzi ni nani, katoka wapi, kwa nini ana haraka. Kisha akamuuliza, "Ukiuza leo, pesa hiyo utaiweka wapi?"

Tonton akafikiri. "Sijui."

"Faranga ya leo unaijua. Ya mwaka kesho unaijua?"

"Hapana."

"Bon, basi usiuze. Pangisha juu, ukae chini na kaka yako, na kila mwezi ununue kitu kidogo kisichooza."

Nilidhani atabisha, kwa kuwa hakuwahi kumsikiliza mtu. Tonton alivuta kisu cha pili, akakaa karibu nami, tukamenya ndizi pamoja mpaka beseni likajaa.