Aliyenichagulia Sindano ya Santuri ya Baba

Haya sikuhadithiwa na mtu, yalinifika mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwetu, mtaa wa Barani, na Mama yangu yu hai, ukitaka kamuulize. Nakwambia mapema kwa sababu nawajua watu. Ukianza tu kusimulia jambo kama hili, mtu anakutazama kama umepungukiwa. Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule, na akili zangu ninazo zote. Mambo ya mizuka nilikuwa nikiyasikia arusini na kuyacheka.

Baba alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi nao ukalala, na miezi minane hakutamka neno. Daktari akatuambia tuzungumze naye, tumsikilizishe na vitu alivyokuwa akivipenda, huenda ulimi ukafunguka. Alichokipenda Baba tulikijua sote. Kabla ya kumuoa Mama alikuwa na mke akiitwa Zuwena, mwimbaji wa tarabu pamoja na wanawake wenziwe. Walikwenda Mombasa wakarekodi santuri moja tu, kisha homa ikamchukua, na ndoa haijatimiza miaka mitatu. Baba alikuwa karani kule kwenye chumvi, Marereni, na kila Ijumaa akirudi nyumbani lazima aipige santuri ile. Miaka hamsini, Mama anapika jikoni na marehemu anaimba chumbani.

Mama alikuwa na wivu, nisikufiche. Tena wivu wa marehemu ni mbaya, maana huna wa kugombana naye. Lakini ni Mama huyo huyo aliyenishika mkono akaniambia, "Katengeneze ile mashine ya baba yako. Akifumbua mdomo akamwita Zuwena, na amwite. Mimi nataka kuisikia sauti yake tu." Akalia, na mimi nikalia.

Mashine yenyewe ilikuwa nzima, ila kichwa. Ndicho kile kidude kidogo kwenye ncha ya mkono wake kinachoshika sindano, kilikuwa kimekufa kabisa. Fundi wa redio mjini alikuwa navyo vitatu ndani ya bati la biskuti, akaniachia vyote nikavijaribu nyumbani. Kimoja kipya, kinang'aa. Cha pili cha kawaida. Cha tatu kimechakaa, sindano yake nene, ungekiokota njiani ungekitupa. Fundi akanionya kwamba santuri za zamani zikishalika namna ile, sindano isiyofaa inazimaliza. Na sisi hatukuwa na nyingine, wala hatukujua pa kuipata.

Nikachagua kipya. Wewe usingechagua kipya? Ijumaa, alasiri imeshaswaliwa, nikakifunga, nikaiweka santuri. Ikatoka kelele kama ya samaki kwenye karai la mafuta, sauti ya mtu hakuna. Baba akageuza uso ukutani. Nikaunyanyua mkono wa mashine upesi, na roho iliniuma, wallahi.

Hapo ndipo ikapigwa hodi. Akaingia msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa buibui la kamba, lile la zamani, nikadhani labda fasheni imerudi. Akaja moja kwa moja mpaka chumbani kwa mgonjwa. Hilo halikunishangaza, maana kwetu mgonjwa huja kutazamwa na watu kila siku. Kilichonishangaza ni kuwa hakuamkia. Mama ana miaka sabini na kitu, na yule mtoto anamwambia, "Hujambo, mwenzangu?" Hakuna shikamoo, hakuna nini. Kisha akanigeukia mimi, mwenye wajukuu wawili: "Hujambo, mwanangu?"

Utaniuliza mbona hatukumuuliza jina. Hebu niambie, wewe kwenu mgeni mnamuuliza jina? Jamaa zetu ni wengi, wako Sabaki, wako Kilifi, wako hata tusikokujua. Kumuuliza mtu jina ni kumwambia humtambui, na kutomtambua jamaa yako ni fedheha. Tena kwa nasaba mtoto mdogo anaweza kuwa shangazi yako, ukabaki kumheshimu umpende usimpende. Mimi nikadhani ni wa upande wa Mama, Mama akadhani ni wa upande wa Baba, tukajifanya tunamjua. Nikamuuliza, "Huko hawajambo wote?" Akajibu, "Hawajambo. Wametulia."

Lakini Mama uso ulikuwa umembadilika. Kiti kilikuwapo pale pale kando ya mlango, hakumpa. Alimwacha asimame ili ajifunze adabu. Mama yangu, ambaye hata mzoa takataka humwekea kiti.

Najua unataka kuniuliza habari za miguu. Niliitazama, kwa sababu alisimama miguu mitupu juu ya mkeka wetu. Ilikuwa miguu ya mtu, si kwato, ina hina, vidole vitano vitano.

Akasogea kwenye mashine. Hakugusa kitu, alinyoosha kidole tu. Alikuwa na kithembe kidogo, na sauti ya kupendeza. "Hicho kipya sindano yake nyembamba, mwanangu. Inazama chini kabisa ya mfereji wa santuri, na chini ndiko kulikolika. Tia hicho chenye sindano nene. Itakaa juu kidogo, ambako hakujaguswa bado."

Niamini, nilimwelewa hapo hapo. Nguo ikichanika kwenye mshono hurudii matundu yale yale, unashona kando kidogo, kwenye kitambaa kizima. Lakini nilikuwa nimeudhika kufundishwa na kitoto kisichojua kuamkia, na kile kichwa kilikuwa kibovu kuliko vyote. Nami nilikuwa nimeshajisemea kwamba nitajaribu cha pili. Nikamtazama Mama. Mama akasema kwa mkato, "Jaribu. Kwani nani anajua?"

Nikakifunga. Nilijua nikikosea ndiyo basi, santuri imekwenda na Baba atabaki kuutazama ukuta mpaka siku yake. Nikaushusha mkono wa mashine polepole. Mikwaruzo kidogo, halafu fidla, halafu wanawake wakaitikia. Na sauti moja kati yao ikapanda peke yake, safi, ina kithembe. Tangu nizaliwe sikuwahi kuisikia sauti hiyo katika santuri ile, ilikuwa imefunikwa na mikwaruzo. Lakini nilikuwa nimetoka kuisikia dakika mbili tu nyuma, ikiniita mwanangu.

Sikuthubutu kugeuka. Nilimtazama Baba, na Baba alikuwa ameshageuza uso, anamtazama yule msichana. Alimtazama muda mrefu, machozi yakimshuka mpaka masikioni. Kisha akaanza kumtafuta Mama kwa macho, na mdomo wake ukawa unahangaika.

"Saumu," akasema. Saumu ndilo jina la Mama. "Saumu, mpe Zuwena kiti."

Mama akakirukia kiti, akageuka nacho mikononi, na palipokuwa na mtu hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio mpaka nje. Jirani yetu alikuwa mlangoni petu na sufuria lake la mbaazi, tangu alasiri hajaondoka pale. Nikamuuliza mgeni wetu kapita wapi, akaniuliza, "Mgeni gani?" Niliporudi ndani, Mama alikuwa bado amekishika kile kiti, na santuri inaimba.

Baba aliishi nasi mpaka Ramadhani iliyofuata. Hakuwa msemaji tena, maneno yake kwa siku ungeyahesabu, lakini mengi yalikuwa Saumu. Saumu maji, Saumu njoo, Saumu umekula? Mama alikuwa akiitika hata akiwa uani, anakuja huku anacheka na kujifuta macho. Hakuna siku katika miezi ile niliyomwona Mama akiwa na uso mzito.

Lakini lile jambo halijamtoka. "Nimekaa katika nyumba yake miaka hamsini," huniambia. "Akaja siku moja, kuniletea sauti ya mume wangu, na mimi nikamsimamisha kwa ajili ya shikamoo. Aliyekuwa na haki ya kuamkiwa ni yeye." Humsomea Yasini, humwita mke mwenzangu, na santuri yake siku hizi ni Mama anayeipiga, kwa sindano ile ile nene. Fundi alikidai kichwa chake, nikamwambia nitamshonea kanzu.

Basi wewe unayenisikiliza, mtu akiingia kwako usimpime kwa umri wa uso wake, na usikae na kiti ukingoja salamu. Sisi tumeshaonywa. Mama huwaamkia wasichana wote wanaopita mlangoni petu, hata wa shule wanaokuja kupimwa sare. Watu wanasema uzee umemwingia. Siku ukifika Barani, ukamsikia ajuza anakwambia wewe shikamoo, nakuomba usicheke. Itikia marahaba, uingie ndani, ukae.