Mstari Wangu Kando ya Minyaa

Kila ninapopita Shelui, harufu ya mashudu ya alizeti hunipokea kabla sijashuka kwenye basi. Abiria wenzangu hukimbilia madumu ya mafuta. Mimi husimama tu nikavuta pumzi, kwa sababu harufu hiyo hunirudisha Sepuka, kwa shangazi yangu.

Baba alikuwa dereva wa lori, nasi tulihama kila kazi ilipohama. Januari moja tulitoka Tunduma kwenda Sepuka na godoro moja na gunia la nguo. Tulilala njiani, tukasukuma lori kwenye tope, na nilipomwona shangazi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikamwambia, "Habari."

"Habari?" akashangaa. "Mimi rika lako, baba?"

Nikasema shikamoo. Akacheka, akanipa uji.

Kesho yake baba aliondoka na kuniachia onyo. Shule ingenipima kabla ya kunipokea Kidato cha Pili. Nikirudishwa nyuma, angekuja kunichukua niwe utingo wake. Sikuutaka utingo. Nilitaka kulala mahali pamoja mpaka mbwa wa jirani aache kunibwekea.

Madamu wa hesabu alinipa swali ubaoni. Kulikuwa na mstari, y = 2x + 3. Nitafute mlinganyo wa mstari mwingine, sambamba na huo, unaopita kwenye nukta (1, 1). Niliwaza sana, kisha nikaandika kwa mwandiko mzuri: y = 2x + 3.

"Mbili umeibakiza, vizuri," alisema. "Mistari sambamba ina mteremko mmoja. Lakini huu ni mstari uleule, na kwenye nukta yako haupiti. Utanijibu Jumatatu. Ukishindwa, unarudi Kidato cha Kwanza."

Jumamosi tukaenda kupanda alizeti. Shamba la shangazi lilipakana na uzio wa minyaa uliokwenda mshazari kutoka barabarani hadi bondeni, na yeye, asiyependa kona ya ardhi ilale bure, alipanda kwa kuufuata uzio. Ntandu, mwanawe wa umri wangu, alivuta kamba ya mstari wa kwanza. Wa pili nikaachiwa mimi. Nilichomeka kijiti changu kando ya chake, nikaivuta kamba hadi bondeni, na kule mwisho nikaifunga kwenye kijiti cha Ntandu. Chake si kilikuwa kimeshakaa sawa?

Shangazi aliegemea jembe akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, alizeti zako zinakwenda kumsalimia Ntandu?"

"Zimenikumbuka," Ntandu akadakia. "Watu wa Tunduma wana upendo!"

Nikaifungua kamba kwa aibu. Kijiti cha juu nilikiacha kilipokuwa. Bondeni nikachomeka kingine changu, nikakisogeza mpaka kamba ikalala kama minyaa ilivyolala. Nikiwa nimeinama hapo, udongo mbichi vidoleni, nikaliona swali la madamu. Ulalo nauchukua kwa mwenzangu. Pa kuanzia napatafuta kwa nukta yangu.

Jumatatu niliandika y = 2x, mbele yake nikaacha nafasi wazi. Nikaiweka nukta: moja ni sawa na mbili mara moja, kuongeza kitu nisichokijua. Kitu hicho kikawa hasi moja. Nikaandika y = 2x − 1.

"Na ile tatu imekwenda wapi?" madamu akauliza.

"Ile ilikuwa ya mwenzake, madamu."

Darasa likacheka. Yeye akanionyesha dawati la Ntandu. "Kaa pale."

Nilikaa pale hadi Kidato cha Nne. Baba alikuja mara kadhaa, akala ugali, akaondoka peke yake.

Siku niliyoondoka kabisa, shangazi alinisindikiza hadi mwisho wa minyaa. Niliona haya kumwambia kwamba Ntandu anabaki na shamba na mimi naondoka bila kujua niendako. Nilimpa shikamoo mara mbili.

"Marahaba. Sijakuambia uwe Ntandu," alisema. "Miguu yako haitulii, naijua. Ila huko utakakokuwa, ishi na watu kama tulivyoishi hapa."

Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Nimeshakaa Kahama, Mpanda, Mtwara. Kila mahali nimeanza upya, na kila mahali nimejikuta nampa mgeni uji kabla ya kumuuliza atokako. Ndipo nilipoelewa alichonipa.

Siku ile ya kuagana, basi lilipokata kona, minyaa ilibaki dirishani kwa kitambo, imelala mshazari vilevile.