Tikiti za Sanduku Linaloimba

Enzi za Mdachi, reli ilipokuwa bado ngeni Dodoma, nilikuwa nauza maandazi stesheni. Mbele yangu kulikuwa na duka la Mgiriki mmoja, na siku moja treni ilimletea santuri, sanduku linaloimba. Akatangaza kwamba Jumapili alasiri sanduku litaimba kwenye ghala lake la ngozi, na anayetaka kusikia anunue tikiti, kikaratasi chekundu chenye muhuri wa duka.

Nilijua watu wa Miyuji na vijiji vya mbali watafika siku ileile, tikiti zimekwisha. Nikanunua ishirini mapema. Mume wangu, kibarua wa reli, alizitazama kwa huzuni kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

Jumapili nikauza kila tikiti kwa kuku mmoja. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimezungukwa na kuku waliofungwa miguu, nami nimevimba kichwa kama akida. Wa mwisho alikuwa mzee wa Kigogo, mfugaji, aliyekuja na wake zake wawili. Alitoa mbuzi kwa tikiti tatu. Nikabaki na moja yangu.

Mlangoni alisimama askari mstaafu. Kila tikiti aliipokea, akaichana katikati. Mzee alipoona hivyo akanigeukia.

"Mwanangu, umeniuzia kitu cha kuchanwa?"

"Ndivyo ilivyo, babu. Akishachana, unaingia."

"Na mimi nikija kwako nikamchana yule mbuzi, utanikaribisha ndani?"

Watu waliokuwa nyuma yake wakaona ana haki. Wakaficha tikiti zao nguoni, wakaanza kuwakodolea macho kuku wangu. Ndani sanduku lilikuwa limeshaanza kuimba.

Nikamwambia askari, "Chana yangu." Akachana, akanirudishia nusu. Nikainyanyua juu watu waione.

"Nusu ni yake, nusu ni yangu!"

Mzee akafikiri. "Hiyo nusu hainyang'anywi?"

"Hainyang'anywi, babu."

Akaingia, na wote wakamfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye sanduku, akaliinamia, akasalimia, "Mbukwa!" Mwanamke wa ndani ya sanduku akaendelea kuimba kwa lugha asiyoijua mtu. Mzee akasalimia tena, kwa sauti zaidi. Salamu haikuitikiwa.

"Huyu hakulelewa," akawaambia wake zake, lakini akakaa mpaka mwisho.

Tulipotoka aliniomba nusu yangu. Nikampa bure, nikicheka moyoni. Kicheko kilinikauka nilipomwona amezungukwa na waliokosa nafasi, akiwaeleza kwamba mwenye karatasi hii ameshatambuliwa na Mzungu. Nusu yangu aliipata mtu wa Gulwe, kwa kondoo mzima.

Jumapili iliyofuata mtu huyo alirudi na nusu yake, akafukuzwa mlangoni. Alisimama juani akiwa ameishika kwa vidole viwili, na mimi nikaona aibu, maana karatasi ile ilitoka mkononi mwangu. Nikampa maandazi, nikamkalisha nyuma ya ghala, chini ya dirisha.

Sanduku lilipoanza, tulitazamana. Pale nyuma sauti ilisikika vizuri kuliko ndani, na hapakuwa na joto wala harufu ya ngozi za ng'ombe. Alitafuna, akasikiliza, akaniomba andazi la pili.

"Dada," akasema, "wale wa ndani wamekosa nini?"

Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo ni watu wangapi wanaenea chini ya dirisha.