Wifi kwenye Cherehani ya Pili

Geti lilipogongwa, fundi alijua mkaguzi wa manispaa amefika. Mtaa huo ni wa makazi. Kushona nyumbani kunaruhusiwa, mradi kila anayefanya kazi awe anaishi humo, la sivyo cherehani zinachukuliwa. Kwenye cherehani ya pili alikaa wifi yake, mkazi wa mtaa wa pili, aliyeomba kuhamia hapo mara nyingi, fundi akamkatalia.

"Mama, huyu dada anaishi hapa?"

Wifi akadakia, "Hii nyumba ya kaka yangu!"

"Sijauliza ya nani. Unalala wapi?"

Fundi akamjibia, "Analala chumba cha nyuma."

"Sawa. Nitapita tena kuhakikisha."

Mkaguzi alipotoka, wifi alicheka. "Haya, wifi yangu, nikalete godoro?"

"Kalete," fundi alijibu, bila kuinua macho.