Ukurasa wa Ndume

Kuna watu hasira yao hupanda polepole na kupoa njiani kabla haijamfikia mtu. Ya Milcah Khisa haina subira hiyo. Huja mara moja, kavu, na ikishafika haitafuti kiti. Wanaomjua husema aliirithi kwa babu yake, aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli Nakuru na akagombana na kila msimamizi aliyewahi kupewa. Lakini siku ninayoisimulia, hata mtu mpole angekasirika.

Milcah huuza dawa za mifugo na mbegu katika agrovet ya Madam Kanchan, katikati ya mji. Asubuhi hiyo aliingia Jepleting, mfugaji wa upande wa Njoro, kikapu begani na haraka usoni.

"Milcah, nipe ile dawa ya sindano, ya homa. Huko kwetu imeisha. Maridadi iko na joto tena."

"Tena? Umempima?"

"Kupima ya nini na simu imesema?" Jepleting alicheka kidogo. "Hii homa ni kichwa ngumu. Inarudi kila baada ya wiki tatu. Lakini dawa ni kali, wacha nikwambie ukweli. Nikidunga leo, kesho imepona kabisa."

Milcah alikuwa ameshaishika chupa. Akairudisha rafuni. Anayejua ng'ombe anajua ni kitu gani kinachomrudia ng'ombe jike kila baada ya wiki tatu na kuondoka chenyewe kesho yake, na hicho si homa.

Jepleting hakuwa anajua, na wa kumlaumu kwa hilo hayupo. Alikata maua miaka mingi kule Naivasha, akiishi Karagita katika chumba cha kupanga, na kitu pekee alichofuga huko ni kuku wawili waliolala chini ya kitanda. Alipoacha kazi alinunua ng'ombe mmoja, ndiye huyu Maridadi, akamjengea banda nyuma ya nyumba. Ng'ombe aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo dalili inayoonekana na kila mpita njia kwingine, kwa Jepleting haikuonekana. Alichoona ni mnyama asiyetulia, anayelia, asiyetaka kula. Na simu ikamwambia ni joto.

"Kesho mtu wa bucha anakuja," alisema, sauti ikishuka. "Ng'ombe ya kuugua kila saa, mimba haina, maziwa karibu ikauke. Nilitaka tu isimame vizuri akija."

"Lete hiyo simu," Milcah alisema.

Programu iliyokuwa kwenye simu inaitwa Zizi. Ni ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na mitambo yake ya ndani imeachwa wazi ili yeyote aisome na kuirekebisha. Unaiambia ng'ombe wako alizaa lini, nayo inahesabu siku na kukufungulia ukurasa wa mwongozo unaohusika. Kurasa zote za Kiswahili ziliandikwa na Milcah, saa za chakula cha mchana, kwenye kompyuta ya duka, bila senti ya mtu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amechoka kuwauzia watu dawa zenye maelezo wasiyoyaelewa. Katika jumuiya hiyo anayetengeneza kitufe hupigiwa makofi, na anayemweleza mfugaji kitufe ni cha nini huambiwa asante kwa kusaidia. Hilo Milcah alilimeza. Alijua nani anasoma.

Sasa alisoma yeye. *Ng'ombe wako ana joto. Chukua hatua inayofaa mara moja.* Basi, ukurasa ukaisha. Chini yake paliandikwa: *Mwandishi: Milcah Khisa.*

Hakuwa ameandika hivyo. Alikuwa ameandika: *Ng'ombe wako anataka ndume. Atalia, hatakula vizuri, maziwa yatapungua. Mwangalie nyuma, utaona ute unaoning'inia kama ute wa yai. Haumwi, usimdunge dawa. Ukimwona hivi asubuhi, mwite mtu wa AI ampande jioni hiyo hiyo.* Kila neno alilijaribu kwa wafugaji wa Dundori waliokuja dukani. Mwanzoni yeye mwenyewe alikuwa ameandika "ana joto", kama wataalamu wanavyosema, na mzee mmoja akamuuliza kama amwagie ng'ombe maji baridi. Siku hiyo hiyo Milcah alilifuta.

Na sasa lilikuwa limerudi, tena juu ya jina lake.

"Rudi nyumbani," alimwambia Jepleting. "Usidunge kitu. Mwambie huyo wa bucha asije. Ng'ombe haumwi, anataka ndume."

Jepleting alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Kuna kitu alitaka kusema. Hakukisema, akachukua kikapu chake.

Milcah akampigia Kosgei. Huyu ndiye mtu wa AI upande ule, anayezunguka na pikipiki na mtungi wa mbegu za fahali waliochaguliwa, akiwapandisha ng'ombe kwa mrija, na hakuna zizi Njoro asilolijua. Jioni alipiga kumpa majibu.

"Ilikuwa kwa heat sawasawa, nimeiserve. Lakini siwezi kukudanganya, mathe. Imepitisha round kadhaa na imedungwa madawa bure. Tungoje wiki tatu. Ikirudi kulia, hiyo sasa ni nyama."

Nani aliyefanya hivi haikuwa siri. Zizi huweka kumbukumbu ya kila badiliko, pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake. Jina lilikuwa la Dalmas, msimamizi wa kundi la Kiswahili, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, na mzee wa kanisa. Milcah alikuwa amekunywa naye chai si mara moja. Sababu aliyoiandika ilikuwa hii: *Nimesafisha lugha. Maneno kama kutaka ndume, kupandwa na ute hayafai katika jumuiya ya watu wenye heshima. Pia nimeondoa tangazo la AI, ambalo ni kinyume cha sera yetu.*

Milcah aliisoma sentensi ya mwisho mara ya pili. Jumuiya ilikuwa imepiga marufuku maandishi yanayotungwa na akili ya mashine, ambayo nayo huitwa AI, na sera hiyo yeye mwenyewe aliipigia kura. Dalmas ameziona herufi mbili, akafikiri mfugaji anaambiwa aite kompyuta imshughulikie ng'ombe! Mtu aliyezaliwa Nakuru, anayekunywa maziwa kila asubuhi, na hajui AI ni yule jamaa wa pikipiki. Milcah alicheka peke yake kwenye kaunta mpaka Madam Kanchan akainua macho. Kisha kicheko kikakauka, na kilichobaki kilikuwa hasira tupu.

Kama Dalmas angeuliza! Simu ya nusu dakika. Lakini nani anamuuliza mwandishi wa maelezo? Mistari ya programu wanaikagua watu watatu kabla haijaguswa. Maneno ya Kiswahili, kila mtu ni fundi.

Alichowaandikia kundi zima hakikuwa kirefu: *Dalmas, umekaribia kuchinja ng'ombe wa mtu kwa adabu zako. Hujui ng'ombe, na hukuuliza anayejua. Rudisha maneno yangu leo.*

Jibu lilikuja refu, na lilikuwa na heshima kila mahali. Jumuiya imesikitishwa na lugha aliyoitumia Milcah. Suala la ukurasa litajadiliwa kwa utaratibu. Kwa sasa ruhusa yake ya kubadilisha kurasa imesimamishwa mpaka atakapoomba msamaha. Na ukurasa? Ukurasa uliachwa vilevile. Kuhusu Maridadi hakuna aliyeuliza hata kama yu hai.

Mwenzao mmoja wa ng'ambo alimshauri achukue nakala ya kurasa zake aanzishe mwongozo wake mwenyewe, kwa kuwa sheria ya mitambo ya wazi inamruhusu. "Na wale ambao Zizi tayari iko kwenye simu zao?" Milcah alimuuliza. Akachapisha sentensi zake kwenye karatasi, akaibandika ukutani dukani, juu kabisa: NG'OMBE ANATAKA NDUME. Madam Kanchan aliisoma, akaziba mdomo kwa mkono.

"Milcah, herufi ni ndogo," alisema mwishowe. "Wazee hawataona bila miwani."

Wiki hizo tatu Milcah alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Aliwafokea wateja waliouliza bei mara mbili. Aliandika barua ya msamaha, akaifuta, akaandika nyingine mbaya kuliko ujumbe wa kwanza, akaifuta pia. Kilichomla ni kwamba alikuwa akisubiri kitu asichoweza kukirekebisha kwa maneno. Ng'ombe ama amechukua mimba au hajachukua, na kama hajachukua, Jepleting atabaki na banda tupu alilolijenga kwa miaka yake yote ya maua.

Siku yenyewe ilipofika, aliyetangulia kuingia dukani ni Dalmas, amevaa koti lake la Jumapili katikati ya wiki.

"Sister Milcah, nimekuja sisi wawili tuongee kama familia," alisema. "Hasira hasara. Andika tu sorry, laini moja, halafu hiyo page tutaiweka kwa agenda."

Kabla Milcah hajafungua kinywa, Jepleting aliingia, simu mkononi.

"Imesema tena," alisema, akihema. "Imesema iko na joto leo." Aliweka mkono kifuani. "Milcah, nimekaa na yeye tangu alfajiri. Amelala chini anacheua. Hakuna kulia. Nimeangalia nyuma kama Kosgei alinionyesha, hakuna ute, hakuna kitu. Kosgei anasema atakuja kupima baadaye, lakini anasema nianze kuchagua jina."

Milcah alishika kaunta kwa mikono miwili. Furaha ilimpanda, akaiacha ipande.

"Asante Mungu," Dalmas alisema kwa dhati. "Unaona? Imeisha vizuri."

"Na jirani aliniambia," Jepleting aliendelea, hakuwa anamsikiza. "Mapema kabisa. Alikuja kwa fence akaniambia, hiyo ng'ombe yako inataka ndume. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia wewe hujasoma, hii imeandikwa na Milcah, na Milcah amesema ni joto." Akamgeukia Milcah. "Siku ile nilitaka kukuuliza, nikaona haya. Mimi sikuamini simu. Niliamini jina lako."

Milcah alikuwa na matusi ya wiki tatu, yamepangwa tayari. Yote yakaonekana madogo.

"Umesikia?" alimuuliza Dalmas, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Haya, msomee ile karatasi ya ukutani. Laini ya kwanza."

Dalmas alitazama juu. "Ng'ombe," alisoma. Akakohoa. "Ng'ombe yuko katika ile hali ya..."

"Mficha uchi hazai, Brother Dalmas. Nusura ng'ombe wa mama huyu asizae kwa sababu wewe unaona haya. Soma."

"Anataka ndume," Jepleting alimsaidia. "Ni neno tu, mwalimu. Haliumi."

Dalmas alijipangusa uso. Kisha akasema kilichokuwa kweli, na hilo tumpe. "Hii AI sikujua. Na nilifikiri nakulinda. Jina lako liko pale chini, watu wa kanisa letu wanasoma."

"Ulinilinda vizuri. Toa simu, rudisha ukurasa sasa hivi."

Alikuwa na ruhusa zote, hakuhitaji agenda ya mtu. Akasimama pale kwenye kaunta akirudisha sentensi moja baada ya nyingine, Milcah akimsomea na Jepleting akichungulia begani mwake. Ute ukarudi. Usimdunge dawa ikarudi. Mtu wa AI akarudi, na safari hii Dalmas mwenyewe aliongeza: *mwenye mbegu*.

"Tayari," alisema. "Nimeacha jina lako."

"Kwenye huu, ndiyo. Sasa fungua ule wa zamani, ule wa joto, uliokaa kwenye simu za watu muda wote huu. Kwenye kumbukumbu bado unasema mwandishi ni mimi. Ondoa. Weka lako."

Neno ndume alikuwa ameliandika bila kusita. Kwenye jina lake ndipo kidole kilipokwama, kikakaa hewani juu ya kioo, na wanawake wawili wakasimama wakimngoja.