Masanja na pengo la memori

Leo nimelipiza, na sijutii hata kidogo.

Masanja ni mtani wangu, yeye Msukuma mimi Mfipa. Tunaandika pamoja kerneli, ule moyo wa mfumo wa kompyuta, kwenye kaofisi ketu hapa Makanyagio.

Kerneli inahesabu memori, yaani nafasi ya kompyuta ya kuwekea kazi zake, kwa namba, kama viwanja vya mtaa wa Nsemulwa. Sasa kuna mashine ambazo katikati hapo namba zipo ila kiwanja hakipo. Ni korongo tupu.

Ndiyo maana niliweka mstari wa kuuliza kwanza: hapa pana memori, au pengo?

Masanja akaufuta. Akasema mbele ya wenzetu, "Nyie Wafipa mnapiga hodi hata porini."

Watu wakacheka. Utani ni utani, nikameza.

Kwenye laptop yake mambo yakaenda vizuri, maana memori yake haina pengo.

Leo kaja mgeni anayetaka kutupatia kazi, na mashine yake. Aina hiyo naijua, nilijua ina pengo.

Nikamwachia Masanja kibodi, nikanywa chai.

Masanja akawasha. Kerneli ikahesabu, ikahesabu, ikatumbukia korongoni. Skrini ikaganda.

Akanigeukia taratibu. "Mtani, nisaidie."

Nikamwambia, "Piga hodi."

Nimeurudisha mstari wangu, mashine ikawaka, mgeni karidhika. Ila juu ya mstari nimeandika, kila atakayefungua programu asome: "Hapa pana korongo. Muulize Masanja."

Anabembeleza niyafute hayo maneno. Kwa utani wetu, faini ya hilo ni jogoo.

Alete. Nitamla, na maneno yatabaki.

Nyie mngefuta?